Raia anaweza kumwambia kamanda "hapana"?

Najua nimepotea. Kwanza ilikuwa mitihani, halafu nikafunga safari kuja nyumbani Tunduma, na ukishafika Tunduma baba mdogo hakuachi ukae bure. Asubuhi niko ofisini kwake napanga makaratasi ya mizigo inayovuka kwenda Nakonde, jioni naulizwa nitamaliza lini chuo nianze kazi ya maana. Kazi ya maana kwake ni moja tu, uwakala wa forodha. Nitarudi huko mwishoni, maana ndiko penye kasheshe yangu.

Leo umeme umerudi mapema, nikasema niandike kabla haujaondoka tena.

Mada hii ilianzia Mlimani, chumbani kwetu, wiki ya mwisho kabla hatujafunga. Bumu limekata siku nyingi, watu tunakula maandazi na chai ya rangi, basi maneno ndiyo yanakuwa mengi. Mshikaji mmoja alikuwa anasoma tangazo la kazi la Sekretarieti ya Ajira kwenye simu, nafasi za Wakili wa Serikali Daraja la Pili. Akauliza, "Hivi ukipata, wakakupanga Wizara ya Ulinzi, utaenda?" Mimi nikajibu haraka haraka kwamba nitaenda, tena kwa furaha. Chumba kizima kikacheka. Mmoja aliyekuwa nami JKT kwa mujibu wa sheria akasema, "Wewe kuruta uliyekuwa unatafuta kivuli kwenye mchakamchaka, leo ndiyo ukamshauri brigedia? Raia amwambie nini mwanajeshi?"

Nilicheka na mimi. Lakini swali halikuniacha, limekuja nami kwenye basi mpaka huku. Leo nataka kulijibu taratibu, maana pale chumbani sikupewa nafasi :-)

Kwanza niwaambie kwa nini nilijibu haraka vile. Sababu ni bibi yangu.

Bibi anaishi wilaya ya Mbozi, anaishi kwa kahawa na mahindi. Nikiwa kidato cha pili, mkoa wetu wa Songwe ulikuwa bado mchanga, umetoka tu kumegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Siku moja kukaonekana vijiwe vipya vya mpaka vimepita katikati ya shamba lake. Kijiji sitakitaja, wala kambi sitaitaja, kwa sababu bado tunaishi nao vizuri na wengine wameoa kwetu. Afande mmoja kijana akamwambia kwa adabu kabisa, "Bibi, hapa ni eneo la jeshi, msimu ujao usilime." Bibi akamjibu, "Mjukuu wangu, mibuni hii imekuzidi umri." Akaendelea kupalilia.

Kukaitishwa kikao ofisi ya kijiji. Nilikwenda kwa sababu bibi alitaka mtu wa kumsomea karatasi. Alikuwepo mkuu wa kambi, afisa ardhi, wazee, na mama mmoja mwembamba aliyeshika faili la kahawia lililochakaa pembeni. Tuliambiwa ni mwanasheria kutoka wizarani. Mimi nilijua mambo yameisha. Wizara yao, jeshi lao, mwanasheria wao, sasa bibi yangu nani?

Yule mama akauliza maswali matatu tu. Ramani hii ilisainiwa lini? Tathmini ya mali za wananchi ilifanyika? Waliolipwa saini zao ziko wapi? Kimya. Mkuu wa kambi akasema kazi ya uzio haiwezi kusubiri mvua. Yule mama akamgeukia akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeulizia bei ya nyanya, "Afande, kwa makaratasi haya siwezi kukuambia uendelee. Ukiendelea, wakifungua kesi nitakayesimama mahakamani ni mimi, na tutashindwa."

Yule mkubwa alimtazama kwa muda mrefu. Alikasirika, ilionekana kabisa. Halafu akasema, "Simamisheni."

Msidhani bibi alishinda kama kwenye filamu. Ilichukua zaidi ya miaka miwili ya nenda rudi. Tathmini ikafanyika, nusu ya shamba ikaenda, akalipwa kwa kuchelewa, nusu nyingine ikabaki yake mpaka leo. Nilipomwambia yule mama alikuwa upande wetu, bibi alikataa. "Yule si wakili wetu, ni wa kwao. Ila aliwaambia ukweli." Nimekaa darasani miaka mitatu sasa na sijapata mwalimu aliyeeleza kazi ile vizuri zaidi ya bibi.

Haya, turudi kwenye desa kidogo, msinikimbie.

Yule mama hakutoa maneno yake mfukoni. Ibara ya 24 ya Katiba yetu inalinda mali ya mtu, na inakataza kunyang'anywa bila idhini ya sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili. Sheria za ardhi za mwaka 1999, Namba 4 na Namba 5, zinadai fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Hakuna mahali panaposema "isipokuwa kama anayechukua amevaa magwanda". Hata Amiri Jeshi Mkuu mwenyewe, ukisoma Ibara ya 148, madaraka yake ya kuliamrisha jeshi yanaanza kwa kuheshimu sheria zilizotungwa na Bunge.

Na kazi yenyewe si kukaa na majenerali kwenye ramani ya vita kama tunavyoona kwenye sinema. Sehemu kubwa ni vitu vya kawaida. Gari la jeshi limegonga bodaboda, ndugu wametoa notisi ya siku 90 ya kuishitaki Serikali, nani anajibu? Mkataba wa chakula cha kambi au wa matairi, je, umefuata Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023? Mtumishi raia amefukuzwa kazi bila kusikilizwa. Mpaka wa kambi na kijiji. Jeshi lina wanasheria wake wenye vyeo, na lina mahakama zake za kijeshi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya 1966. Lakini mshauri wa Serikali kwa mambo ya sheria, kwa mujibu wa Ibara ya 59, ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kwa hiyo wakili wa kiraia anayekaa wizarani anakuwa na miguu miwili: mmoja kwa wanajeshi anaowashauri kila siku, mwingine kwa wakubwa wake wa sheria ambao hawampigii mtu saluti.

Kuna vitu vikubwa pia. Machi 2013 Baraza la Usalama lilipitisha Azimio namba 2098 la kuunda brigedi ya kushambulia waasi mashariki ya Kongo, wanajeshi wakiwa wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Jenerali James Mwakibolwa. Mlinda amani wa kawaida analindwa na sheria ya vita kama raia. Sasa akipewa kazi ya kushambulia, bado analindwa hivyo hivyo? Akimkamata muasi amkabidhi kwa nani? Haya hayajibiwi na bunduki. Ndiyo maana Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, ile ya nyongeza ya Mikataba ya Geneva ambayo Tanzania imo, Ibara ya 82, inazitaka nchi ziwe na washauri wa sheria kwa makamanda. Haisemi wavae gwanda au suti.

Sasa niwape mfano unaoniuma. Oktoba 2013 Serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza dhidi ya majangili. Walikuwemo wanajeshi, polisi, na askari wa wanyamapori. Na tusidanganyane, tatizo lilikuwa kubwa kweli: sensa zinaonyesha tembo wetu walishuka kutoka kama 109,000 mwaka 2009 hadi kama 43,000 mwaka 2014. Kitu kilitakiwa kufanyika. Lakini malalamiko yalianza mapema, Novemba operesheni ikasitishwa, na Desemba kamati ya Bunge chini ya mwenyekiti James Lembeli ikasoma taarifa iliyozungumzia watu kuuawa, kuteswa, kubakwa, mifugo kupotea. Tarehe 20 Desemba mawaziri wanne wakaondoka kwa siku moja: Maliasili, Mambo ya Ndani, Mifugo, na Ulinzi. Mwaka uliofuata Rais Kikwete akaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji mstaafu Hamisi Msumi.

Tazameni mpangilio ule wadau. Operesheni ikaja kwanza, ikafuata kamati, wakaondoka mawaziri, mwisho ikaja tume ya jaji. Sheria ilifika na suti yake nzuri watu wakiwa wameshazikwa. Mimi swali langu ni la wiki moja kabla. Ile karatasi ya maagizo kabla haijasainiwa, nani aliisoma na kuuliza: mshitakiwa akikamatwa anafikishwa polisi ndani ya saa ngapi? Nani anaruhusiwa kumhoji? Ng'ombe waliokamatwa wanaandikwa kwenye daftari gani? Maswali ya kijinga kama ya yule mama na ramani yake. Lakini swali la kijinga likiulizwa mapema linaokoa mtu, na linamwokoa na kamanda pia. Mawaziri wanne wangekula Krismasi yao vizuri.

Hapo ndipo yule mshikaji wa JKT angesimama aseme, "Sawa, lakini kwa nini raia? Jeshi lina wanasheria wake." Hoja nzuri. Pale chumbani ningejibu kwamba mwanajeshi mwenye cheo cha kapteni hawezi kumpinga brigedia, raia anaweza. Nimesoma zaidi tangu siku ile na nimebadilika kidogo. Kuna kisa cha Marekani kilichonibadilisha.

Desemba 2002 waziri wao wa ulinzi, Donald Rumsfeld, aliidhinisha mbinu kali za kuwahoji mahabusu kule Guantánamo. Mwanasheria mkuu wa jeshi lao la majini alikuwa raia, anaitwa Alberto Mora. Alipopata habari akaenda kwa wakubwa akawaambia hii inaweza kufika kwenye mateso na ni kinyume cha sheria. Wakamsikiliza, hakuna kilichobadilika. Tarehe 15 Januari 2003 akaandika waraka, hajausaini, akaupeleka kwa mwanasheria mkuu wa Pentagon akimwambia kwamba atausaini siku hiyo hiyo kama amri ile haifutwi. Siku hiyo hiyo Rumsfeld akaisimamisha. Mwaka 2006 Mora akapewa tuzo ya ujasiri iliyopewa jina la Rais Kennedy.

Safi sana, si ndiyo? Mimi nilitaka kuishia hapo nije niwaringie. Ila ukiendelea kusoma, waliotetea mbinu zile kwa maandishi, tena kwa lugha ya kisheria iliyonyooka, nao walikuwa wanasheria raia wenye suti. Na Februari 2003 baadhi ya waliopinga kwa maandishi walikuwa wanasheria wenye vyeo vya kijeshi. Na Mora mwenyewe baadaye alizungukwa, ripoti ya mwisho ikapita bila yeye kuonyeshwa.

Kwa hiyo suti peke yake haitoshi. Raia anaweza kuwa mwoga kuliko kuruta, na anaweza kuwa mpambe kuliko mpambe rasmi. Tena mtu wa nje akiingia pale anataka kuonekana naye ni "mwenzao", ndiyo kwanza anapitisha kila kitu. Nimeona hata sisi JKT, wiki ya tatu tu watu walishaanza kuongea kwa amri na wadogo zao kwenye simu!

Msimamo wangu kwa sasa ni huu: raia anaweza kumwambia kamanda "hapana", na ni vizuri awepo, lakini kwa masharti matatu.

La kwanza, aitwe mapema. Mwanasheria anayeitwa baada ya risasi ni mwanasheria wa kuandaa utetezi. Yule mama wa faili la kahawia alifika vijiwe vimeshapandwa lakini uzio bado, ndiyo maana alifaa kitu.

La pili, ushauri uwe wa maandishi. Kamanda ana haki ya kuukataa, yeye ndiye anayebeba dhamana ya amri, si mwanasheria. Ila akikataa, naye aandike sababu zake na aweke saini. Mtafanya nini na mkubwa asiyetaka kuandika? Hapo mmeshajua jibu. Mora alishinda siku ile kwa karatasi ambayo hata saini haikuwa nayo.

La tatu, mkate wake usiwe mkononi mwa anayemshauri. Uhamisho, kupanda daraja, safari, vyote vikiamuliwa na yule yule anayetakiwa kuambiwa "hapana", basi tunamwonea binadamu wa watu. Ana watoto, ana kodi ya nyumba. Mkubwa wake wa kazi awe upande wa sheria, na akihamishwa ghafla baada ya kuandika ushauri mchungu, awepo mtu wa kuuliza kwa nini.

Na kuna sharti la nne ni la kwetu sisi wanafunzi: tujue kazi ya wale tunaotaka kuwashauri. Mwanasheria ambaye hajui kombania ni nini, hajawahi kulala kwenye mvua, hajui kwamba kamanda anaogopa kupoteza vijana wake kuliko anavyoogopa mahakama, huyo hatasikilizwa, na mimi nisingemsikiliza. Yule mkuu wa kambi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na amri, muda mfupi na mvua inakuja. Ile "simamisheni" yake nayo ilikuwa ujasiri, sijawahi kuisema hii mbele ya bibi lakini naisema hapa.

Mtu atasema nchi hii ina adui, siri za ulinzi si za kujadiliwa na kila mwenye digrii. Nakubali. Ndiyo maana wanapekuliwa, wanaapishwa, na kuna sheria za siri. Lakini baada ya maasi ya Januari 1964 jeshi la zamani likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huo likaundwa jipya likaitwa Jeshi la Wananchi. Jina hilo halikuwekwa kwa bahati mbaya. Mwananchi ni bibi yangu na mibuni yake. Kuwa na mtu mmoja pale ndani ambaye kazi yake ni kukumbuka bibi yupo, sioni kama ni kuhujumu ulinzi.

Sasa kasheshe yangu.

Baba mdogo ameniambia waziwazi: nikimaliza, atanilipia ada ya Shule ya Sheria yote, kwa sharti kwamba nirudi hapa mpakani nisimamie mambo ya sheria ya ofisi yake. Na kusema kweli ana hoja. Tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kizinduliwe mwaka 2019, kazi ipo. Ukisimama hapa barabarani unaona malori yamepanga foleni mpaka unachoka kuhesabu, kila lori lina karatasi na kila karatasi ina ugomvi. "Huku kuna hela," ananiambia. "Kule serikalini utakuwa unabishana na watu wenye bunduki kwa mshahara wa mwisho wa mwezi."

Mimi mwaka wa nne nataka kuandika utafiti wangu juu ya fidia ya ardhi inayochukuliwa kwa ajili ya kambi, halafu niombe zile nafasi za Wakili wa Serikali. Nikikataa ofa ya baba mdogo sijui ada nitaitoa wapi. Nikikubali, najua nitakuwa mtu wa kupita pale Mbozi kumsalimia bibi na kuangalia vile vijiwe kwa mbali.

Narudi Dar Jumapili. Jumamosi jioni baba mdogo anataka jibu. Nimezunguka na hotuba kichwani siku tatu, nikimwona tu anavua miwani naanza kuongelea mpira. Halafu jana usiku nikajicheka mwenyewe. Nimeandika maneno yote haya kuhusu kumwambia brigedia "hapana", na mimi baba mdogo tu, mtu aliyenibeba mgongoni, ananishinda?

Kwa hiyo Jumamosi nitamwambia. Kwa adabu, baada ya chakula, na nitamwandikia kabisa kwenye karatasi sababu zangu. Akikataa na yeye aandike zake :-)

Mniombee. Na nyie mlio mwaka wa tatu na wa nne, semeni ukweli: mngeenda?